Kijiji cha Makumbusho, Bujora au Bomas: Kuchagua Makumbusho Hai kwa Ziara ya Wanafunzi

Shule nyingi hupata nafasi ya ziara moja tu ya mafunzo kwa mwaka, na fedha zake hutoka mifukoni mwa wazazi. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa historia anapopendekeza makumbusho hai, yaani mahali ambapo nyumba zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, ngoma zinapigwa na kazi za mikono zinafanywa mbele ya mgeni, haitoshi achague kwa kufuata jina lililozoeleka. Anapaswa kujua kila mahali panampa mwanafunzi nini, na nini hakipatikani hapo.

Ulinganisho huu unahusu mahali patatu: Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora karibu na Mwanza, na Bomas of Kenya jijini Nairobi. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini Nairobi na Dar es Salaam ziwekwe katika orodha moja. Sababu ni ramani. Shule ya Arusha iko takriban kilomita 270 kutoka Nairobi, ilhali Dar es Salaam iko mbali nayo kwa zaidi ya kilomita 600. Shule ya Musoma au Tarime ina Bujora njiani kabisa, kwa kuwa barabara inayotoka huko kwenda Mwanza inapita Kisesa, lakini ikitaka kwenda Dar es Salaam italazimika kukata zaidi ya kilomita 1,100 kuanzia Mwanza pekee. Walimu wengi wa kanda hizi, basi, wanachagua kati ya mahali pawili au patatu kwa kweli, wala si kwa nadharia.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni somo: je, ziara itawapa wanafunzi upana, waone jamii nyingi kwa muda mfupi, au itawapa kina, waelewe jamii moja kuanzia utawala wake hadi hesabu zake? Hiki ndicho ninachokiweka mbele ya vingine vyote, kwa sababu ndicho kinachoamua wanafunzi watarudi darasani na maswali ya aina gani. Cha pili ni uhai wenyewe: nani yuko pale, anafanya nini, na je, mwanafunzi anaruhusiwa kushika, kujaribu na kuuliza? Cha tatu ni umri wa wanafunzi na ukubwa wa kundi. Cha nne ni safari, fedha na vibali. Cha tano ni mambo yanayohitaji uangalifu wa mwalimu, ambayo hutajwa mara chache lakini ndiyo yanayoweza kuwapotosha watoto wasipoelekezwa.

Kinachoonekana, na somo linalotokana nacho

Makumbusho ya uwanja wa wazi yalianzia Ulaya. Skansen, iliyoko Stockholm nchini Uswidi, ilifunguliwa mwaka 1891 na Artur Hazelius, aliyekusanya nyumba za wakulima kutoka sehemu mbalimbali za nchi yake na kuzisimamisha mahali pamoja. Afrika Mashariki iliuchukua utaratibu huo baada ya uhuru, ila kwa sura yake yenyewe. Nyumba ya fito, udongo na nyasi haihamishwi, hujengwa upya kwa ujuzi wa jamii inayoimiliki, na hukarabatiwa kila inapochakaa. Mwalimu akilieleza jambo hilo mapema, wanafunzi watajua kwamba kinachohifadhiwa hasa ni ujuzi wa kujenga, na kwamba nyasi wanazoziona juu ya paa huenda zimeezekwa mwaka jana.

Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 na kilicho chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, ndicho chenye upana mkubwa kwa mtu anayetaka kuiona Tanzania kwa mguu. Katika uwanja mmoja kuna nyumba za jamii za pwani, za nyanda kavu za kati, za milimani na za maeneo ya maziwa. Thamani yake kwa mwalimu iko katika ujirani wa nyumba hizo, kwa sababu mwanafunzi anaweza kusimama mbele ya tembe ya Wagogo, akaona paa bapa lililofunikwa udongo, kisha akatembea hatua chache na kukutana na msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake zinaanzia kileleni na kushuka karibu na ardhi. Aulize mwenyewe kwa nini. Dodoma ina mvua haba, jua kali na uhaba wa miti mirefu, kwa hiyo paa la udongo linafaa na linapoza nyumba; Kagera ina mvua nyingi, na paa lenye mteremko mkali linayaondoa maji upesi kabla hayajapenya. Nyumba ya Mzaramo inatumia boriti, udongo na makuti kwa sababu pwani ina mikoko na minazi. Nyumba ya Mmaasai, inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, inaeleza maisha ya wafugaji wanaofuata malisho. Hapo jiografia, historia na stadi za kazi zinafundishwa kwa pamoja, na mwanafunzi wa kawaida anaweza kufikia jibu kwa macho yake kabla mwongoza wageni hajafungua mdomo.

Upungufu wa upana huo ni kwamba kila jamii inapata nyumba yake na maelezo mafupi, kisha kundi linasonga mbele. Mwanafunzi hatajua Wagogo walitawaliwaje, wala Wahaya waliwezaje kuyeyusha chuma, mpaka mwalimu aongeze mwenyewe.

Bujora ni kinyume chake. Iko Kisesa, kiasi cha kilomita 20 mashariki mwa jiji la Mwanza, na imejikita katika jamii moja tu, Wasukuma. Ilikua kutokana na kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika katika miaka ya 1950 na kukusanya vifaa na simulizi pamoja na wenyeji. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Wakati huo ulikuwa na uzito wake. Mamlaka ya watemi, yaani machifu wa jadi, yalifutwa Tanganyika mwaka 1963, na vifaa vya utawala, yaani ngoma za kitemi, viti vya enzi na mavazi, vilibaki bila kazi ya kiserikali. Vingi kati ya vinavyoonekana leo katika jengo la kitemi, ambalo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, viliingia makumbusho katika kipindi hicho cha mabadiliko. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma mifumo ya utawala kabla ya ukoloni, na namna ukoloni na kisha dola huru zilivyoitumia au kuiondoa, sioni mahali pengine katika Kanda ya Ziwa panapowapa ushahidi wa kushikika kiasi hiki.

Zaidi ya utawala, Bujora ina makazi ya Kisukuma, nyumba ya mhunzi pamoja na zana zake, nyumba ya mganga wa jadi, na jengo la vyama vya ngoma linaloeleza mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yaliyotokana na wapinzani wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kuna pia kifaa cha mviringo kinachozungushwa, ambacho kinaonyesha namna tofauti za kuhesabu kuanzia moja hadi kumi zilizotumiwa na marika mbalimbali. Mwalimu wa hisabati asiachwe nyumbani siku hiyo.

Bomas of Kenya ilianzishwa na serikali mwaka 1971, huko Lang'ata, karibu na lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Ina sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni maboma ya jamii mbalimbali za Kenya, yaliyopangwa kwa kufuata mpango wa familia: nyumba ya mume, nyumba ya mke wa kwanza, ya mke wa pili, ghala la nafaka na zizi. Ya pili ni ukumbi mkubwa wa mviringo unaokaliwa na maelfu ya watu, ambamo wachezaji wa Bomas hucheza ngoma za jamii moja baada ya nyingine. Kwa hiyo upana wake unafanana na ule wa Kijiji cha Makumbusho, ila mkazo wa Dar es Salaam uko kwenye ujenzi, na mkazo wa Nairobi uko kwenye mpangilio wa familia na kwenye ngoma.

Ukumbi huo una historia yake pia, ambayo mwalimu wa uraia hapaswi kuiruka. Mkutano wa kitaifa wa katiba wa mwaka 2003 hadi 2004 ulifanyika hapo, na rasimu iliyotoka huko bado inaitwa Rasimu ya Bomas. Aidha, matokeo ya uchaguzi wa rais wa miaka ya 2013, 2017 na 2022 yalijumlishwa na kutangazwa mahali hapo hapo. Ni nadra mwanafunzi kuweza kukaa katika kiti kimoja na kujifunza ngoma ya isukuti pamoja na katiba.

Uhai: watu, ngoma na kazi za mikono

Nyumba tupu, hata ikiwa nzuri, humchosha mtoto upesi. Kinachoifanya ziara ikumbukwe ni mtu anayesuka, anayefinyanga au anayepiga ngoma, akakubali kuulizwa maswali.

Katika kigezo hiki Bomas ndiyo yenye utaratibu thabiti zaidi. Kwa mazoea ya miaka mingi, maonyesho ya ngoma yamekuwa yakianza saa nane na nusu mchana siku za kazi na baadaye kidogo mwishoni mwa wiki, yakichukua takriban saa moja na nusu. Wachezaji ni wataalamu walioajiriwa, na kiwango chao ni cha juu. Shule inayojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, ambako ngoma za asili ni sehemu ya mashindano, itaona kwa karibu matumizi ya jukwaa, mavazi na mpangilio wa nyimbo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za magharibi mwa Kenya, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ni mfano mzuri wa kujadiliwa darasani kabla ya safari. Hata hivyo, maonyesho ya jukwaani humweka mwanafunzi katika nafasi ya mtazamaji. Anakaa, anapiga makofi, anaondoka. Mwalimu anayetaka wanafunzi washiriki aombe mapema kama kuna kipindi cha mafunzo kwa kundi lake.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa sasa. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilianza kujenga kituo kikubwa cha mikutano ya kimataifa katika eneo la Bomas. Shule isikusanye fedha za wazazi kabla ya kupata uthibitisho wa maandishi kwamba maboma na ngoma viko wazi kwa wageni tarehe iliyokusudiwa.

Kijiji cha Makumbusho kina ngoma na mafundi wa kazi za mikono, lakini uhai wake hutegemea siku. Tangu mwaka 1994 kumekuwapo utaratibu wa siku za utamaduni, ambapo jamii moja inaalikwa kuonyesha mapishi, ngoma, zana na simulizi zake. Shule ikifika siku kama hiyo itakuta wazee wanaozungumza juu ya maisha yao wenyewe, na hapo makumbusho yanakuwa hai kwa maana kamili. Ikifika Jumanne ya kawaida bila kuagiza chochote, inaweza kukuta nyumba zimetulia na mwongozaji mmoja tu. Tofauti kati ya siku hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya makumbusho moja na mengine, kwa hiyo mwalimu aulize kalenda kwanza, kisha ndipo apange tarehe ya shule.

Bujora nayo ina siku yake kubwa, tamasha la Bulabo, linalofanyika kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo huangukia siku ya 60 baada ya Pasaka, yaani mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni. Vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kuvuta umati. Anayezungukwa na watazamaji wengi ndiye anayeshinda. Huchezwa bugobogobo, ngoma ya majembe inayotokana na kazi ya shambani, na huonekana wachezaji wa nyoka wakiwa na chatu wakubwa. Bulabo si onyesho lililoandaliwa kwa ajili ya wageni. Watu wa eneo hilo wangeifanya hata kama hakuna basi la shule lililofika. Tatizo ni kalenda: mara nyingi likizo ya katikati ya mwaka katika shule za Tanzania huanza Juni, na umati wa siku hizo ni mkubwa mno kwa mwalimu mwenye watoto wadogo. Siku za kawaida Bujora huwa tulivu, na ngoma hupatikana kwa kuagizwa na kulipiwa. Utulivu huo una faida, kwa sababu kundi la wanafunzi linaweza kukaa na mwongozaji muda mrefu na kumhoji bila kusukumwa na kundi linalofuata.

Umri na ukubwa wa kundi

Watoto wa darasa la tatu hadi la tano hujifunza kwa kuingia, kugusa na kulinganisha. Kijiji cha Makumbusho kinawafaa, kwa sababu hatua kati ya nyumba na nyumba ni chache na kila nyumba ni kitu kipya. Bomas inawafaa pia, mradi wasichoke kwa kusubiri ngoma za alasiri baada ya safari ndefu ya asubuhi. Bujora inataka msikilizaji mwenye subira, hivyo naiona ikiwafaa zaidi wanafunzi wa darasa la sita na kuendelea, na hasa wa sekondari, ingawa watoto wadogo wa Mwanza na Magu wanaokisikia Kisukuma nyumbani wataelewa mengi kuliko kijana wa mbali.

Kwa ukubwa wa kundi, ukumbi wa Bomas unaweza kupokea shule nzima. Mahali pawili pengine panahitaji makundi ya wanafunzi 10 hadi 15, kila moja na mwalimu wake, kwa kuwa ndani ya msonge au tembe hamwingii watu 40 wakasikia maelezo. Wanafunzi wanaotumia kiti cha magurudumu wataweza kuingia ukumbi kwa wepesi kuliko nyumba zenye milango mifupi, na mwalimu aeleze hali hiyo anapoagiza, ili mafundi na vifaa viletwe nje wanapoweza kuvifikia.

Njia, muda, fedha na vibali

Kijiji cha Makumbusho kiko kando ya barabara ya Bagamoyo, eneo la Makumbusho, kiasi cha kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya jiji. Shule ya Dar es Salaam hutumia nusu siku, na shule ya Kibaha au Bagamoyo hurudi jioni ile ile. Muda unaobaki unaweza kutumika katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, lilipohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililovumbuliwa Olduvai mwaka 1959. Foleni za magari ndizo adui mkubwa wa ratiba. Basi liondoke shuleni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na watoto waanze kurudi kabla ya saa tisa alasiri.

Bujora ni ya siku moja kwa shule za Mwanza, Magu na Misungwi. Kwa shule za Shinyanga, Simiyu na Mara inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa kuondoka alfajiri, au kulala katika bweni la shule mwenyeji, jambo linalopunguza gharama kuliko nyumba ya wageni. Jiji la Mwanza linaongezea ziwa na Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane kwa walimu wa jiografia na baiolojia.

Bomas ni safari ya siku moja kwa shule za Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, na inaungana vizuri na hifadhi ya wanyama iliyo jirani, kwa sababu asubuhi inakuwa ya wanyama na alasiri ya ngoma. Kwa shule ya Arusha au Namanga upande wa Tanzania, umbali ni mfupi lakini mpaka unaongeza kazi: kila mwanafunzi anahitaji hati ya kusafiria, barua ya ridhaa ya mzazi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwapo itaulizwa, na maombi ya hati kwa kundi la watoto huchukua wiki, si siku. Mwalimu aanze angalau miezi mitatu kabla.

Kuhusu fedha, kote viingilio vya wanafunzi huwa chini ya vile vya watu wazima, na raia hulipa pungufu kuliko wageni. Kwa hiyo shule ya Tanzania ikienda Nairobi iulize kabisa itatozwa kwa kundi lipi. Viingilio, hata hivyo, mara chache ndivyo vinavyoangusha bajeti. Nauli ya basi ndiyo inayomeza sehemu kubwa, ikifuatiwa na chakula, na kisha malipo ya kikundi cha ngoma kilichoagizwa. Gharama ya ngoma igawanywe kati ya shule mbili jirani zikienda siku moja, na kila mzazi atauona unafuu.

Tanzania na Kenya zote zimepiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Chakula cha wanafunzi kifungwe katika vyombo au mifuko ya karatasi na nguo, hasa kwa kundi linalovuka mpaka.

Hali ya hewa nayo inahusika. Masika ya pwani, kuanzia Machi hadi Mei, huleta matope katika uwanja wa Kijiji cha Makumbusho na huvujisha baadhi ya mapaa. Juni hadi Septemba ni kipindi kizuri kote, ingawa asubuhi za Nairobi za Julai zina baridi, na mtoto wa Arusha avae sweta.

Yanayohitaji uangalifu wa mwalimu

Hatari kubwa ya makumbusho ya aina hii ni kumfanya mwanafunzi aamini kwamba jamii fulani inaishi hivyo leo, au kwamba iliishi hivyo tangu zamani bila kubadilika. Mtoto wa Kigogo anayesoma Dar es Salaam anaweza kuchekwa na wenzake kwa sababu ya tembe, wakati babu yake huko Dodoma amekwisha kuezeka bati. Kila kitu kinachoonyeshwa kiulizwe swali moja: ni cha wakati gani? Jembe la chuma la mhunzi wa Bujora lilikuwa bado linafuliwa lini, na majembe ya kiwandani yaliingia lini? Nyumba ya mke wa pili huko Bomas inaeleza desturi ya kipindi gani, na sheria ya leo inasemaje? Swali hilo ndilo linaloifanya ziara kuwa somo la historia, na linafaa kuandikwa juu kabisa ya karatasi ya maswali ambayo kila mwanafunzi atapewa.

Katika Kijiji cha Makumbusho na Bomas, ambako jamii nyingi zimewekwa pamoja, wanafunzi huanza kushindana kuhusu nyumba ya nani ni bora. Mwalimu asiwakataze kulinganisha, bali awape kipimo: vifaa vilivyopatikana, hali ya hewa, kazi ya jamii na idadi ya watu waliolala humo. Bujora haina tatizo hilo, lakini ina mengine mawili. Makumbusho yako ndani ya kituo kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki, na kanisa la hapo, lililopambwa kwa alama za utawala wa kitemi, ni sehemu ya maelezo. Shule yenye wanafunzi wa dini mbalimbali iwaeleze wazazi mapema, ili asiwepo anayeshtuka. La pili ni nyumba ya mganga na ngoma za nyoka. Wapo watoto wanaoogopa kwa dhati, na wazazi wasiopenda watoto wao wakaribie mambo ya uganga. Hao wapewe kazi nyingine ya maana wakati huo, kwa mfano kuchora zana za mhunzi, wala wasionekane kama wameadhibiwa.

Kupiga picha kuombwe ruhusa kila mahali, hasa picha za wachezaji na za wazee.

Uchaguzi kwa hali mbalimbali

Shule ya msingi ya Dar es Salaam au Pwani, yenye bajeti ndogo na inayofundisha Historia ya Tanzania na Maadili, ina sababu nyingi za kuchagua Kijiji cha Makumbusho, na itafaidika maradufu ikilenga siku ya utamaduni au ikiagiza fundi mmoja na kikundi kidogo cha ngoma. Ikiwa basi ni la siku nzima, Makumbusho ya Taifa yaongezwe mchana.

Shule ya sekondari ya Kanda ya Ziwa inayosoma tawala za kabla ya ukoloni, uhunzi au fasihi simulizi, ielekee Bujora katika wiki tulivu ya muhula, na wanafunzi waende na maswali yaliyoandaliwa juu ya utemi. Bulabo ifikiriwe na shule ya bweni au klabu ya utamaduni yenye wanafunzi wakubwa wachache, walimu wa kutosha na wazazi waliokubali watoto watumie siku ya likizo.

Shule ya Nairobi na kaunti jirani, yenye kundi kubwa au yenye kikundi cha ngoma kinachojiandaa kwa mashindano, itapata inachokitafuta Bomas, mara tu itakapothibitisha kwamba ratiba ya ngoma inaendelea wakati wa ujenzi. Ikiwa maboma au ukumbi umefungwa, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yatabeba sehemu ya somo, ila mwalimu atalazimika kumwalika mpiga ngoma au mfinyanzi shuleni ili pengo la uhai lizibwe.

Shule ya Arusha au Kilimanjaro ndiyo yenye uamuzi mgumu zaidi. Ikiwa lengo ni ngoma na kulinganisha nchi mbili jirani, na shule ina muda wa kushughulikia hati, Nairobi ni karibu. Ikiwa lengo ni jamii za Tanzania zinazotajwa katika muhtasari wa somo, safari ya Dar es Salaam ya siku tatu, ikijumuisha Kijiji cha Makumbusho na Makumbusho ya Taifa, inastahili gharama yake. Na ikiwa fedha hazitoshi kwa lolote kati ya hayo, mzee wa kijiji jirani anayejua kujenga nyumba ya Kichagga au ya Kimaasai, akialikwa kwa heshima na kulipwa kwa siku yake, ataweza kuwaonyesha wanafunzi namna ya kufunga fito katika uwanja wa shule, nao wakampa maswali yale yale ambayo wangeyauliza makumbusho.

Kwa shule yenye watoto wa darasa la kwanza na la pili, ningeshauri safari yoyote ndefu isubiri miaka miwili. Shule yenye mwanafunzi asiyeona ipe uzito mahali panaporuhusu kushika: kuta za samadi na udongo, ngozi ya ngoma, mpini wa jembe na kamba za kufungia fito vina mengi ya kumweleza kwa mikono, na mwongozaji aombwe tangu siku ya kuagiza kwamba vitu hivyo vitolewe nje ya uzio.